Spika iliyopasuka, na nyimbo za roki za Kikristo ninazozipenda

Kijana mmoja wa Muheza, anapiga gitaa la solo kwaya ya vijana, kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naomba unitajie nyimbo za roki za Kikristo ambazo wewe mwenyewe unazipenda, na kwa nini. Mi nimeanza kuzisikiliza kwenye simu na zinanigusa kuliko tunazoimba, ila mzee mmoja wa kanisa kanikuta napiga akasema hizo ni kelele za shetani, gitaa nirudishe stoo. Nimjibu nini?"

Marahaba mwanangu. Gitaa usirudishe stoo, stoo kuna panya na unyevu, shingo itapinda alafu utaniletea huku Chumbageni, Tanga, nikutoze hela ya kuinyoosha. La mzee tutalifikia, ngoja kwanza nikujibu la nyimbo.

Kaseti ya kwanza ya roki ya Kikristo niliyoishika mkononi ilikuwa ya Petra, mwaka 1993, mi niko kidato cha pili hapa hapa Tanga. Aliiacha mzungu mmoja aliyekuja kufundisha kwa kujitolea, lebo ilishafutika na tepu inakwama kwenye redio, unaitoa unaizungusha na kalamu ya biki unairudisha. Petra ni Wamarekani, bendi ilianzishwa 1972 mji wa Fort Wayne, Indiana, na jina lenyewe ni Kigiriki, maana yake mwamba, yaani roki ile ile tunayoisema. Sasa mi wakati ule najifunza gitaa kwa mzee mmoja jirani yetu Ngamiani, Muislamu, ujanani alipiga rizimu kwenye bendi za dansi, enzi Tanga ina Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Nikampelekea ile kaseti kwa mbwembwe zote. Mzee kakaa mkekani na kikombe chake cha kahawa, kasikiliza wimbo mzima bila neno, ulipoisha akaniuliza: "Huyu spika yake imepasuka, mbona haitengenezi?"

Nilimcheka kimoyomoyo, nikajiona mi ndo najua. Miaka kumi baadae ndo nikaja kujua kwamba yule mzee alisema ukweli mtupu bila kuambiwa na mtu. Ule mlio wa gitaa unaokwaruza, ambao leo tunaununua kwenye pedali ya distosheni, kile kidude cha kukanyaga kwa mguu, ulianza na vyombo vibovu. Link Wray, Mmarekani, 1958 alitoboa spika ya ampu yake (kikuza sauti cha gitaa) makusudi ili apate mlio wa kuchanika kwenye "Rumble", na wapo wengine waliokata spika kwa wembe. Kwa hiyo roki, ukiitoa nguo zake zote, ni sauti ya kitu kilichopasuka na bado kinaimba. Shika hapo, maana nyimbo nyingi ntakazokutajia nazipenda kwa sababu hiyo. Sizipendi kwa kuwa zina kelele. Nazipenda pale kelele inapofanya kazi ambayo gitaa safi haliwezi kuifanya, yaani pale mtu anapomlilia Mungu na sauti nzuri ingekuwa uongo.

Haya, wa kwanza ni wa mama mmoja mweusi na ni wa zamani kuliko roki yenyewe. Sister Rosetta Tharpe, kazaliwa 1915 Cotton Plant, Arkansas, mama yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kipentekoste la watu weusi na mtoto alipanda jukwaani na gitaa akiwa na miaka kama sita. Mwaka 1944 akarekodi "Strange Things Happening Every Day", wimbo wa injili, gitaa la umeme, na wapo wanahistoria wa muziki wanaoutaja kuwa rekodi ya kwanza kabisa ya rokenroli. Elvis, yule wanaemwita mfalme wa rokenroli, hapo bado mtoto anakimbiakimbia. Unaona mambo yalivyo? Huyo mzee wako anadhani roki ilitoka baa ikavamia kanisa, kumbe na kanisani nako ilitoka ikaenda baa, na mmoja wa walioitoa ni mama wa kanisa. Ila nisikufiche, na wenzake walimsema sana alipoanza kuimba kwenye kumbi za starehe New York mwaka 1938, hilo nalo ujue.

Tafuta video yake ya Manchester, Uingereza, Mei 1964. Walimwandalia shoo kwenye stesheni ya treni iliyokuwa haitumiki tena, watazamaji wamekaa jukwaa moja la stesheni, yeye jukwaa la pili, katikati reli. Mvua imetoka kunyesha. Anashuka kwenye gari la farasi, kavaa koti zito kama mama anaekwenda harusini Lushoto mwezi wa saba, anavaa gitaa jeupe la Gibson na anaanza "Didn't It Rain", wimbo wa gharika ya Nuhu. Angalia dakika anayoanza solo. Mkono wa kulia hauna haraka, anaipiga nyuzi moja mpaka ilie, anatembea, anageuka, anaipiga tena. Mi hiyo video nawaonyesha wanafunzi wote kabla hawajagusa pedali, hasa mabinti wanaoambiwa gitaa ni la wanaume.

Larry Norman nampitia haraka. Albamu yake "Upon This Rock" ya 1969 ndo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya roki ya Kikristo kamili, alafu 1972 akatoa wimbo ambao jina lake ni swali, kwa nini shetani awe na muziki mzuri wote. Nakubaliana nae ila kama wimbo siupendi kiivo, ni wimbo wa kubishana, na nakuomba tafadhali usimpelekee mzee wa kanisa, mtagombana bure.

Stryper je? Hahaa. Hao wa Califonia, 1986, wanaume wazima nywele mpaka mgongoni, nguo za kubana mistari ya njano na nyeusi kama manyigu, na kwenye shoo walikuwa wanarushia watu Agano Jipya. Jina wamelitoa Isaya 53:5, kwa kupigwa kwake sisi tumepona, huko kupigwa kwa Kiingereza cha Biblia ni "stripes". Ukiwaangalia bila kujua utakimbia. Gitaa mbili zao zikiimba pamoja zinapendeza mno na mazoezi yao ya vidole nayatumia mpaka leo, ila wimbo wao hata mmoja haujawahi kunifuta machozi. Nakwambia ukweli wangu.

Sasa tukae hapa kidogo. Wimbo ninaoupenda kuliko yote hauna hata distosheni ya maana. Ni "40" wa U2, wale wa Ayalandi, uko mwisho wa albamu yao ya "War" ya 1983. Najua utasema U2 sio bendi ya Kikristo, haya, bendi iite unavyotaka, ila ule wimbo ni Zaburi ya 40 ndo maana unaitwa hivo. Waliutengeneza dakika za mwisho wakati muda wa studio unakwisha, mpiga besi alishaondoka zake, ikabidi mpiga gitaa The Edge ashike besi apige yeye. Na ndo maana ile besi inaimba namna ile, inaongoza, ni besi ya mtu anaewaza kama mpiga gitaa. Yule mwalimu wangu wa Ngamiani nilipomsikilizisha huu, akatikisa kichwa akasema, "Hii besi inajua inakokwenda." Kwake hiyo ni sifa kubwa sana, alikuwa hasifii ovyo.

Mwaka 2004 kaka yangu, yule niliyemfuata kuzaliwa, aliumwa miezi saba akafariki. Tukazika, arobaini ikapita, kwaya wakaniita nirudi kupiga. Nikarudi. Na unajua nyimbo zetu zilivyo, shukrani, ushindi, shangwe, sebene likiingia kila mtu anapunga kitambaa, na sizisemi vibaya, nimezipiga maisha yangu yote na zimenilisha. Ila kipindi kile vidole vilikuwa vinapiga na mdomo umefunga. Naweza kupiga "ameshinda" mara kumi na mbili ndani ya wimbo mmoja na nikitoka nje siwezi kumsalimia mtu. Hakukuwa na wimbo hata mmoja kwenye daftari letu ambao mtu aliyefiwa angeweza kuuimba bila kudanganya. Hata mmoja, niliipitia fahirisi yote.

Jioni moja nimebaki peke yangu kufunga vyombo, nikachomeka besi nikaanza ile mistari ya "40", taratibu, nikawa naisoma zaburi yenyewe kwenye Biblia ya kanisa maana kichwani nilikuwa na Kiingereza cha kuokoteza tu. "Nalimngoja Bwana kwa saburi, akaniinamia akakisikia kilio changu." Inakaa kwenye ile besi kama imekatiwa. Toka shimo la uharibifu, toka udongo wa utelezi, akaisimamisha miguu yangu mwambani. Mwambani, umeona, roki tena. Nikaendelea kusoma mbele kuliko U2 walivyoimba, nikakuta kitu ambacho kwenye mahubiri sikuwahi kuambiwa. Zaburi ya 40 inaanza na shukrani, ameokolewa, ana wimbo mpya kinywani, alafu ukishuka chini inageuka, mabaya yamemzunguka hayahesabiki, moyo umemwacha, na mstari wa mwisho kabisa anasema Ee Mungu wangu, usikawie. Yaani yule yule aliyetolewa shimoni anamaliza akiwa anaita tena. Na U2 kwenye kiitikio hawakukaa kwenye Zaburi ya 40, wamekwenda kuchukua swali la Zaburi ya 6, hata lini. Wameshona zaburi mbili, ngojea ya moja na hata lini ya nyingine. Mi nililia pale mpaka mlinzi akaja na tochi kuangalia kuna nini.

Tukaja kuipiga na vijana mkesha wa Pasaka, kwa maneno ya Biblia yetu ile ya zamani, kiitikio "hata lini, Bwana, hata lini". Katikati umeme ukakatika. Besi ikafa, gitaa likafa, ampu zikazimika na ule mshindo wa "pu", giza totoro, joto, na nje bahari inasikika. Nikajua basi, tumeharibu. Ila dramu haitaki umeme, kijana wa dramu hakusimama, na watu hawakusimama, wamama kule nyuma wakashika sauti ya tatu wakawa wanaimba "hata lini" gizani kama robo saa hivi, hakuna aliyewaongoza. U2 wenyewe shoo zao nyingi walikuwa wanazifunga na wimbo huo, wanaondoka jukwaani mmoja mmoja, anabaki mpiga dramu, nae anaondoka, watu wanabaki wanaimba. Sisi hatukupanga, ilitupata. Tangu siku hiyo sijawahi kuambiwa neno na wazee wa kanisa letu kuhusu huo wimbo, wanauita "ule wa gizani".

Wa P.O.D. nao naupenda, "Youth of the Nation". Hawa ni vijana wa San Diego, karibu na mpaka wa Meksiko, na albamu yao "Satellite" ilitoka siku ile ile ya Septemba 11, 2001. Huo wimbo wameuandika baada ya mwanafunzi kufyatulia wenzake risasi kwenye sekondari ya Santana, huko huko maeneo yao, Machi mwaka huo. Sauti za watoto zinaimba kiitikio, dramu kama za gwaride la msiba, na wimbo unaisha hautoi jibu, hausemi "lakini Mungu ana mpango". Niliwahi kuulizwa na mchungaji mmoja huo wimbo ni wa Kikristo wapi sasa, nikamwambia soma Maombolezo. Kitabu kizima cha Biblia kinaitwa Maombolezo na sisi hatuna wimbo wa maombolezo zaidi ya wa kushusha jeneza.

"Jesus Freak" wa DC Talk, 1995, uchukue kwa ajili ya nguvu tu, ule ukiupiga saa kumi na moja jioni mazoezini hata aliyeshinda njaa anasimama. Na "Dare You to Move" wa Switchfoot, huu nakupa kama somo. Waliutoa 2000 haukwenda mbali, wakaurekodi upya kwenye albamu ya 2003 ndo dunia ikausikia. Sikiliza beti, gitaa limetulia, mtu anaongea kama anakunong'oneza, alafu kiitikio kinafunguka kama mlango wa geti. Ukiweka distosheni kuanzia mwanzo mpaka mwisho umeua wimbo. Vijana wengi wanaokuja kwangu kosa lao ni hilo, wanawasha pedali wakiwa nyumbani na wanaizima wakirudi kulala.

Kuna nyimbo nyingi tu za roki ya Kikristo ambazo sizitaki, nazo ujue. Zile ambazo maneno ni yale yale ya shangwe ila zimewekewa gitaa la kukwaruza ili vijana waje. Hapo gitaa ni chambo, na vijana sio samaki changu, wanajua wakivuliwa.

Sasa mzee wako. Usimjibu. Nasema hivo kwa upendo, maana ukimjibu kwa hoja hata ukishinda umeshindwa, yeye ni mzee na wewe unakaa kwake kiroho. Nenda kamwamkie, kaa chini, muulize alipokuwa kijana nini kilikatazwa kanisani. Nakuhakikishia atakutajia kitu. Mi nimewahi kuwauliza wazee kama hao, mmoja akanambia ngoma, mwingine akanambia kupiga makofi, mwingine akacheka akanambia gitaa lolote lile, hata la kavu, maana lilikuwa la walevi, na sebene ndo usiseme, na leo hao hao wakisikia sebene wanainuka na fimbo zao. Usimwambie "unaona sasa". Mwache ajisikie mwenyewe.

Alafu chunguza kama kweli analalamikia shetani au analalamikia masikio. Nimefunga vyombo makanisa mengi kuanzia hapa mpaka Korogwe, mara tisa kati ya kumi tatizo ni bati. Kanisa la bati, sakafu ya saruji, kuta tupu, hiyo sauti ikitoka kwenye ampu inagonga kila mahali inarudi mara tatu, mzee aliekaa kiti cha mbele anaipata usoni kama mchanga. Fanya hivi: ampu usiielekezee watu, igeuze iangalie ukuta wa pembeni wenye pazia au iinue kwenye kiti ikuelekee wewe kichwani, utajisikia na utapunguza mwenyewe. Geini kwenye pedali, ile inayoongeza mkwaruzo, iteremshe mpaka uone aibu, alafu teremsha tena kidogo. Punguza trebo, zile sauti kali za juu. Na ukishawasha distosheni achana na kodi kamili (kodi za gitaa, sio ya nyumba), piga nota mbili tu, ya kwanza na ya tano. Ile ya tatu, inayoamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, iache, maana ndo inayogombana na wenzake ndani ya distosheni inaleta uji. Ukiitoa, mlio unakuwa mkubwa na msafi, na hauko kwenye furaha wala huzuni, watu ndo wanaujaza kwa sauti zao. Kwa zaburi za kulia hiyo inafaa kuliko kitu chochote.

Na usianze na wimbo wa Kiingereza. Chukua Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Mistari sita tu. Piga gitaa safi, ulilize taratibu, pedali washa kwenye "hata lini" ya mwisho peke yake. Mwombe huyo mzee aisome yeye kwa sauti kabla hamjaanza kuimba, wazee wanasoma zaburi kuliko sisi, wana watu wengi wa kuwakumbuka.

Nyuzi zako nazo, kama unazipata mjini angalia hazijakaa dukani mpaka zimeshika kutu, hewa yetu ya chumvi haina huruma. Jumamosi nipo, baada ya adhana ya alasiri njoo na gitaa, pedali kama huna ipo yangu moja ya zamani, ina waya umelegea, ukiikanyaga vibaya inakoroma yenyewe, utaizoea.